MASHAURI YA NYUMBANI: Mkwiro Mwembamba na Mkwiro Mnene

Mwezi huu nataka kuwaungamia kosa langu, maana huenda kosa kama hilo limeingia hata nyumbani kwenu.

Hapa Mpanda yuko kijana mmoja apigaye ngoma za kwaya, zile za kizungu zenye matoazi. Mikwiro yake ni myembamba, na mkono wake ni mwepesi. Siku moja tulikwenda naye arusini Katumba. Nanyi mwajua kwamba Katumba na Mishamo ni makao ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na vizazi vyao. Wengi wao walipokea hati za uraia wa Tanzania tangu mwaka 2014, lakini ngoma ya wazee wao hawakuiacha. Ngoma hiyo huchongwa katika gogo zima la mti, kwa desturi mringaringa, ambao kwa Kirundi huitwa umuvugangoma, yaani mti uisemeshao ngoma. Huwambwa ngozi ya ng'ombe, nayo hupigwa kwa mikwiro miwili minene iitwayo imirisho. Mwaka ule ule wa 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika urithi wa wanadamu wote.

Basi kijana wetu akaombwa ajaribu. Akatoa mikwiro yake myembamba, akapiga, na sauti haikutoka. Akazidisha nguvu, mkwiro mmoja ukavunjika, na kifundo cha mkono wake kikavimba. Nami, badala ya kumhurumia, nikamwambia mbele ya watu, "Hayo ndiyo malipo ya majivuno." Hakunijibu neno. Juma lile hakuja mazoezini, wala juma la pili. Mama yake akaniambia, "Mwalimu, mwanangu asema hana tena mkono wa ngoma."

Neno hilo likanikosesha usingizi. Nikarudi Katumba kwa mzee aliyewaongoza wapigaji siku ile, nikamweleza yote. Akacheka kwa upole, akasema, "Mwalimu, mtoto hakujivuna. Alipewa ngoma nyingine, asipewe mkwiro wake. Je, wewe wapalilia mpunga kwa shoka?" Nikaona haya. Nikamwendea kijana, nikampeleka kwa mzee, tukafundishwa sote wawili. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kila ngoma ina mkwiro wake. Ngozi nene yataka uzito ndipo iamke. Bali utando mwembamba wa ngoma za kwaya huweza kupasuka kwa uzito ule ule. Mikwiro ya dukani huandikwa tarakimu na herufi: 7A ni myembamba, 5A ni ya kati, 2B ni minene. Tofauti yake ni milimita chache tu, lakini mkono huijua mara moja. Tena ukinunua, ibingirishe mezani uone kama imenyoka, uipime mkononi ili jozi iwe na uzito mmoja.

Pili, tafuta mahali pa mizani. Ulaze mkwiro juu ya kidole kimoja mpaka utulie, usielemee upande wowote. Kisha ushike nyuma kidogo ya mahali hapo, kuelekea mwisho wa mkwiro. Ukibadili mkwiro, mahali pa mizani huweza kubadilika pia, kwa hiyo usishike kwa mazoea ya zamani.

Tatu, mkwiro mwembamba huongozwa kwa vidole na kifundo. Mkwiro mnene huinuliwa kwa mkono mzima, tangu begani, kisha huachwa uanguke kwa uzito wake na kurudi wenyewe. Anayeubana kwa hofu huuzuia usirudi, naye huchoka upesi. Ukisikia maumivu, acha, upumzike. Maumivu si bidii.

Nne, anza polepole. Piga mapigo yale yale machache kwa mikwiro myembamba, kisha kwa minene, mpaka sauti ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto iwe sawa. Ndipo uongeze mwendo. Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Na mkono wa mpigaji ni vivyo hivyo.

Uvimbe ulipokwisha, kijana alijizoeza kila jioni, robo saa tu. Hata siku moja mzee akamwita, akamweka mwisho wa mstari wa wapigaji, akampa imirisho. Ngoma ikaitika. Sikuona machozi ya kijana, maana yangu yalinizuia.

Kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu, nikamwomba radhi mbele ya kwaya nzima. Yeye akasema, "Mwalimu, yamekwisha," akaketi kwenye ngoma zake na mikwiro yake myembamba, tukaanza wimbo.

Enyi wazazi na walimu, mtoto akishindwa kazi ngeni, tusifanye haraka kumhukumu moyo wake. Tuulize kwanza amepewa chombo gani, na ni nani aliyemwonyesha namna ya kukishika. Kama hakuna aliyemwonyesha, basi kosa si lake peke yake.