Mdhamini Hakuiua Stand

Uliza kijiwe chochote cha Shinyanga ni nini kiliishusha Stand United, hutamaliza swali. Mdhamini. Mgodi ulitoa hela, mgodi ukaondoa hela, timu ikaanguka. Nenda Mwadui utaambiwa hayohayo, ila badala ya dhahabu watakutajia almasi. Nenda Geita, wimbo haubadiliki. Ni jibu linalopendwa kwa sababu halimdai mtu yeyote wa mji huo chochote. Kosa ni la waliokuja wakaondoka.

Mimi nalikataa jibu hilo, na sababu ya kwanza ya kulikataa ni kalenda.

Stand haikuzaliwa mgodini. Ilizaliwa stendi ya mabasi, na jina lake bado linatoa ushahidi. Ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, pamoja na Ndanda ya Mtwara na Polisi Morogoro, waliotaka kuidharau waliiita timu ya wapiga debe. Wenyewe walijiita Chama la Wana. Jina hilo si la mtu, si la kiwanda, si la jeshi wala la halmashauri. Katika ligi ambayo timu nyingi za mikoani zilikuwa na mwajiri nyuma yake, hapa palikuwa na timu iliyojitangaza kuwa mali ya wana.

Mwaka 2015 ikaja Acacia, kampuni iliyokuwa ikichimba dhahabu Bulyanhulu na Buzwagi, upande wa Kahama. Ikaidhamini timu. Kwa klabu ya stendi hiyo ilikuwa masika baada ya kiangazi kirefu. Akaja kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba. Msimu huohuo Mwadui nayo ikapanda, na mkoa ambao watu wengi wa Dar es Salaam waliujua kwa ukame na ng'ombe ukawa na timu mbili katika ligi ya timu 16.

Kisha ukaja mwaka 2016, na hapa ndipo masimulizi ya kijiweni huruka ukurasa. Stand ilipasuka pande mbili. Upande mmoja ulitaka klabu iendeshwe kama kampuni. Upande wa pili ulisema klabu ni ya wanachama. Kila upande ulijitambulisha kuwa ndio Stand halisi. Baada ya vuta nikuvute hiyo, Acacia ikajiondoa.

Soma mpangilio wa matukio tena, taratibu. Ugomvi ulitangulia, mdhamini akaondoka baadaye. Na asije mtu akaleta habari za makinikia hapa: zuio la kusafirisha mchanga ule lilitangazwa Machi 2017, wakati Stand tayari imeshaachwa. Hakuna sera ya taifa wala bei ya dunia iliyoondoa udhamini ule. Uliondolewa na swali ambalo watu wa Shinyanga hawakuwa wamelijibu kabla fedha hazijafika: timu hii ni ya nani?

Swali hilo haliji na njaa. Timu ikiwa haina kitu, kila mtu ni mwenyewe, kwa sababu hakuna cha kugombea. Fedha ndiyo huleta swali, na asiyekuwa na jibu lililoandikwa hujibiwa na mwenye sauti kubwa.

Wapo watakaosema kwamba kilichoimaliza Stand ni umaskini wa miaka iliyofuata. Kwa kiasi fulani ni kweli. Msimu wa 2018/19 ulikuwa wa ajabu: timu 20, mechi 38, na ligi yenyewe haina mdhamini mkuu. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000, na timu za Dar zilikuwa kadhaa. Hata hivyo kuna jambo msimu ule linanifanya nisikubali kwamba Stand ilikufa kwa kukosa uwezo wa mpira. Septemba 2018, Mrundi Alex Kitenge aliifunga Yanga mabao matatu peke yake jijini Dar. Yanga ikaponea chupuchupu kwa 4-3. Januari 2019, katika Uwanja wa CCM Kambarage, bao la Jacob Massawe liliipa Yanga kipigo chake cha kwanza cha ligi msimu ule. Miezi minne baadaye, timu iliyofanya hayo ikashuka daraja pamoja na African Lyon.

Miguu ilikuwepo, na umati ulikuwepo. Kilichokosekana ni nyumba ya kuviweka. Hata uwanja ambao Yanga ilifungwa jina lake linakutajia mwenyewe: CCM Kambarage. Chama la Wana lilikuwa mpangaji katika mji wake.

Sasa tuwatazame majirani, maana Stand si mkosi wa peke yake.

Mwadui ina historia ndefu kuliko klabu nyingi za ligi. Mgodi wake ulianza na John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940, na timu iliota mizizi kwenye mji ambao kila kitu, kuanzia nyumba hadi hospitali, kilikuwa cha mgodi. Ilirudi Ligi Kuu 2015. Aprili 2020 soko la almasi lilipoporomoka duniani, mgodi ulisimamisha uzalishaji. Msimu uliofuata, wa 2020/21, Mwadui ilishuka. Sidai kwamba kila bao walilofungwa lilitoka sokoni Antwerp. Nasema tu kwamba timu ambayo mwenye nyumba wake ni mgodi hupumua kwa pumzi ya mgodi.

Geita nayo ina somo lake. Februari 2016, kwenye mechi za mwisho za Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0 siku ileile ambayo Polisi Tabora, waliokuwa wakigombea nao nafasi ya kupanda, waliifunga JKT Oljoro 7-0. TFF ikasema huo ni upangaji wa matokeo, ikazishusha timu hizo, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza iliyokuwa chini yao. Geita ilijipanga upya chini ya halmashauri ya mji na udhamini wa mgodi wa GGML, ikapanda 2021, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya nne. George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mji ukacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Miaka miwili baada ya kilele hicho, 2024, Geita Gold ikashuka. Mgodi haukuwa umefungwa, na dhahabu ilikuwa ikipanda bei.

Kwa hiyo tuna timu tatu na mahusiano matatu tofauti na mgodi. Moja mgodi uliondoka. Ya pili mgodi ulisimama. Ya tatu mgodi ulikuwepo na unaendelea kuchimba. Zote zilishuka. Mwenye akili timamu anayetafuta chanzo hatamtaja mdhamini tena, kwa sababu mdhamini yupo kwenye majibu yote matatu kwa sura tofauti na matokeo ni yaleyale. Kinachofanana ni kwamba katika klabu zote tatu, mtu wa kawaida anayelipa kiingilio hana karatasi inayosema sehemu yake ni ipi, wala siku ya mwaka ambayo ana haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Mwaka uleule wa 2014 Stand ilipopanda, kuna timu nyingine ya mji mdogo ilipanda ligi kuu ya nchi yake. Eibar ni mji wa viwanda kaskazini mwa Hispania, wenye wakazi wasiofika 30,000, mji uliojengwa na mafundi wa bunduki, baiskeli na cherehani. Klabu yake haikuwa na deni. Lakini sheria ya nchi ilidai iongeze mtaji wake kwa takriban euro milioni 1.7, la sivyo ishushwe licha ya kushinda uwanjani. Wangeweza kumtafuta tajiri mmoja. Badala yake waliuza hisa ndogondogo kwa yeyote aliyetaka, wakaweka kikomo cha euro 100,000 kwa mtu mmoja ili asitokee wa kuibeba klabu mfukoni. Maelfu walinunua. Mwisho wa msimu wa kwanza Eibar ilimaliza kwenye nafasi ya kushuka. Ikanusurika kwa sababu Elche, iliyokuwa juu yake, ilishushwa kwa madeni. Daftari la hesabu liliwapa nafasi ambayo mabao yalishindwa kuwapa. Wakakaa ligi kuu misimu saba.

Najua jibu linalokuja: hiyo ni Ulaya, watu wana hela. Basi turudi nyumbani, tena chini kabisa, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo.

Hakuna anayeshuka duarani Geita au Kahama kabla ya mgawo kujulikana. Mwenye leseni anajua chake, mwenye duara anajua chake, anayelisha wachimbaji anajua chake, na wanaogonga mwamba chini wanajua mawe yakitoka watahesabiwa mifuko mingapi. Wengi wao hawakumaliza shule. Makubaliano hayo huvunjwa, na watu huumizwa kwa ajili yake, lakini hakuna mpumbavu anayependekeza kwamba kwanza tupate dhahabu, halafu ndipo tuone ni ya nani. Hilo ndilo tulilofanya kwenye mpira. Tulipata dhahabu, halafu tukaanza kuulizana duara ni la nani.

Na Usukuma una somo la zamani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka watu wao wa kusimamia mizani. Kutoka hapo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955, chini ya Paul Bomani, shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Ndiyo, ushirika wa huku baadaye ulielemewa na madeni, na wazee wengi hawataki hata kulisikia neno hilo. Lakini haukuanguka kwa sababu wakulima walikuwa wenyewe. Ulianguka kadiri walivyoondolewa kwenye mizani.

Hoja ya pili nitakayoletewa ni kwamba wanachama ni vurugu. Tazama Simba na Yanga, watasema, miaka na miaka ya mikutano ya ngumi. Sawa. Lakini Simba na Yanga hazijashuka. Na ilipofika zamu ya kukaribisha wawekezaji, serikali iliweka kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51. Kanuni hiyo ina maana pale tu kuna orodha ya wanachama. Asilimia 51 ya daftari ambalo halipo ni sifuri.

Hoja ya tatu ni umaskini: watu wa stendi watachangia nini? Anayeuliza hivyo hajawahi kukaa stendi. Bodaboda wana mfuko wa msiba. Mama lishe wana kikoba, na kila wiki kitabu kinafunguliwa mbele ya wote, anayedaiwa anatajwa kwa jina. Watu hawa wanajua kutunza hesabu kuliko kamati nyingi zenye mihuri. Hawajakosa uwezo wa kumiliki klabu. Hawajaombwa.

Ninachotaka si ndoto. Klabu ziwe na rejesta ya wanachama yenye ada ambayo kondakta anaweza kuilipa. Mapato na matumizi yabandikwe kila mwezi ukutani stendi, mahali ambapo hakuna asiyepita. Mkataba wowote wa udhamini usomwe kwenye mkutano kabla haujasainiwa. Na fedha ya mgodi isiwe ya mishahara peke yake. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2017 inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mashabiki wakae kwenye meza hiyo, wadai sehemu iende kwenye kitu kisichopanda basi na kuondoka: kiwanja chao, shule ya vijana, mfuko wenye akiba. Buzwagi ilikoma uzalishaji mwaka 2021. Kila mgodi una tarehe yake ya kufa, na wahandisi wanaikadiria kabla jiwe la kwanza halijasagwa. Timu haipaswi kuzikwa nao.

Mwaka 2025 Stand na Geita Gold zilikutana kwenye mchujo wa kuwania kupanda. Stand ikapita, kisha ikakwama mbele ya Fountain Gate. Ilikuwa hatua moja tu. Watu wengi walihuzunika. Mimi nilihuzunika nusu, kwa sababu sikuwa nimeona chochote kinachoonyesha kwamba safari hii tungepanda tukiwa na jibu.

Kuna kampuni itakuja tena. Hii ni nchi ya dhahabu, hawaachi kuja. Siku hiyo vijana wenye digrii wa Shinyanga, Kahama na Geita, ambao leo mnajua katiba ya Barcelona kuliko katiba ya timu ya mjini kwenu, msiulize wanatoa shilingi ngapi. Ulizeni nani anasaini kwa niaba yetu, na ni siku gani tutamwita atuonyeshe kitabu.