Mwanafunzi aulizwe alichokiona

Katika baadhi ya vyuo vikuu vyetu, matokeo ya muhula yakishapandishwa kwenye mfumo, mwanafunzi hayaoni mpaka ajaze kwanza dodoso la kutathmini wahadhiri. Ana kozi sita au saba, kila moja ina maswali lukuki, mtandao unasuasua, kifurushi kinakaribia kwisha, na anachotaka kujua ni kitu kimoja tu: amepita au ana sapu. Kidole kinateremka kwenye safu moja, nne, nne, nne, nne, kuanzia kozi ya kwanza mpaka ya mwisho, na mhadhiri aliyeingia darasani kila wiki anaambulia alama ileile ya yule aliyemtumia mwakilishi wa darasa (CR) madesa kisha akatokomea. Kompyuta inajumlisha, inatoa wastani, na wastani huo unaweza kuishia kwenye jalada la mhadhiri anayeomba kupanda cheo. Tena wastani wenye desimali mbili, kana kwamba kuna kitu kilichopimwa.

Haraka hiyo si kiini cha tatizo. Inaweza kuondolewa kwa kufungua dodoso mapema, na bado yakabaki maswali yaleyale yasiyojibika. Mhadhiri ana umahiri katika somo lake. Kozi imekidhi malengo yake. Kwa ujumla ufundishaji ulikuwa bora. Nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana namna ya kujua kama aliyemfundisha takwimu anazimudu takwimu. Angekuwa na uwezo wa kupima umahiri huo, asingehitaji kuisoma kozi. Na kama kozi imekidhi malengo, hilo litajulikana atakapokutana na kozi ya mwaka wa pili inayoitegemea, au akiwa kazini siku anapoletewa hesabu zenye fedha ya watu ndani yake. Kwa maoni yangu madodoso haya yanastahili kubaki, ila yamuulize mwanafunzi mambo aliyoyaona kwa macho yake, na hukumu juu ya ubora wa ufundishaji itafutwe kwingine.

Ushahidi ulio mzito zaidi katika jambo hili unatoka mahali ambapo wengi wasingepafikiria: Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, kule Colorado. Pale, katika kozi za msingi, mwanafunzi hachagui mhadhiri. Anapangiwa darasa bila upendeleo, muhtasari ni mmoja, na madarasa yote ya kozi moja hufanya mtihani mmoja. Kwa mtafiti hiyo ni neema, maana ile shaka ya kila siku, kwamba labda wanafunzi wazuri ndio waliomkimbilia mwalimu mzuri, inakuwa haipo. Wachumi wawili, Scott Carrell na James West, walifuatilia rekodi za wanafunzi zaidi ya 10,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Katika kozi ya awali ya kalkulasi, wahadhiri wenye uzoefu mdogo ndio ambao wanafunzi wao walifanya vizuri kwenye mtihani wa kozi ile, na ndio waliotathminiwa vizuri. Wenye uzoefu na elimu kubwa zaidi walipewa alama za chini. Lakini wanafunzi walipoingia kwenye kozi za mbele zinazojengwa juu ya ile ya kwanza, mambo yaligeuka: waliopita mikononi mwa wale wasiopendwa ndio waliokuwa na msingi. Sababu si ngumu kuikisia kwa yeyote aliyesoma katika shule zetu. Yuko mwalimu anayekupitisha kwenye maswali yatakayotoka, ukaondoka na A na kumbukumbu ya mwezi mmoja. Yuko mwingine anayekukalisha mpaka uelewe kila hatua imetoka wapi, ukamnunia muhula mzima. Dodoso linajazwa ukiwa bado umenuna.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bocconi, Milan, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta hali kama hiyo, na ukaongeza jambo la kuchekesha kidogo: siku za mvua wahadhiri walipewa alama za chini. Kisha mwaka 2017 mwanasaikolojia Bob Uttl na wenzake huko Kanada walizikusanya tafiti zilizotangulia na kuzichambua upya. Nyingi kati ya zile zilizodai uhusiano mkubwa kati ya tathmini nzuri na kujifunza kwingi zilitegemea idadi ndogo ya madarasa. Hilo lilipozingatiwa, uhusiano ulikaribia sifuri.

Msomaji anaweza kuuliza: kama ndivyo, kwa nini tusiyafute madodoso yenyewe? Kwa sababu tukiyafuta, hakuna mwingine atakayejua kinachotokea darasani. Mkuu wa idara hakai kwenye ukumbi wa mihadhara. Wakaguzi wa Tume ya Vyuo Vikuu wakija kwa taarifa, siku hiyo kila mtu yupo kazini. Mwenye kumwona mhadhiri wiki hadi wiki ni mwanafunzi, na ushahidi wake hauna mbadala. Ila mahakamani shahidi haulizwi kama mshtakiwa ana hatia. Anaulizwa aliona nini, lini, akiwa amesimama wapi, na kila jibu linaweza kulinganishwa na la shahidi mwingine. Dodoso la namna hiyo lingeuliza: kati ya vipindi vilivyo kwenye ratiba, vingapi vilifanyika? Zoezi la kwanza lilirudishwa baada ya wiki ngapi? Lilirudi na maoni, au na namba tu? Vitabu vilivyoorodheshwa vinapatikana maktaba? Semina iliendeshwa na nani? Wanafunzi mia tatu wakisema kwamba vipindi sita havikufanyika, hapo hakuna la kufasiri.

Maneno ya swali yana uzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 2015 Lillian MacNell na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya katika kozi ya mtandaoni huko North Carolina. Wakufunzi wawili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na jingine kwa jina la mwenzake. Wanafunzi hawakuwaona. Kazi zilirudishwa kwa wakati mmoja katika makundi yote. Hata hivyo, kwenye kipengele cha kurudisha kazi kwa wakati, mkufunzi aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipata wastani wa 4.35 kati ya 5, na aliyedhaniwa kuwa mwanamke alipata 3.55. Kazi ni ileile, siku ni ileile. Jaribio lilikuwa dogo, la wanafunzi 43 tu, na halitoshi kubeba hoja nzima peke yake. Lakini linaonyesha vizuri mahali upendeleo unapojipenyeza. Ukimuuliza mtu kama mhadhiri alikuwa mwepesi kurudisha kazi, umemwomba maoni, na maoni yanakuja na kila alichokibeba kuhusu mwanamke anavyopaswa kumhudumia. Ukimuuliza ni baada ya wiki ngapi, anaweza kukosea, ila kosa lake litaonekana likiwekwa kando ya majibu ya wengine.

Na kwetu kuna uzito mwingine, wa adabu na hofu. Mtoto aliyekua akisimama mwalimu anapoingia darasani haandiki kirahisi kwamba mwalimu hafai, hata kama ameambiwa jina lake halitaonekana. Ameingia kwenye mfumo kwa namba yake ya usajili. Kama yuko kwenye darasa la uzamili la watu wanane, na mhadhiri huyohuyo ndiye msimamizi wa tasnifu yake, ahadi ya usiri haimtoi wasiwasi, na sioni kwa nini imtoe. Kwa hiyo katika vyuo vyetu nina mashaka na alama za juu kama nilivyo na mashaka na za chini. Kusema kwamba vipindi vinne havikufanyika hakuvunji adabu ya mtu. Ni taarifa, na hata mwanafunzi mpole anaweza kuitoa bila kujiona ametukana.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi analipa ada, au ana deni la Bodi ya Mikopo litakalomfuata miaka mingi, kwa hiyo ana haki ya kutoa hukumu kamili kama mteja mwingine yeyote. Haki ya kudai huduma anayo. Ila anayeutazama ufundishaji kama bidhaa akumbuke kwamba ubora wa hii haujulikani siku ya kuipokea, na kwamba mhadhiri anayejua alama zake za kupanda cheo zinatoka kwa wateja ana njia rahisi ya kuwaridhisha: kulegeza mtihani. Gharama ya hapo hailipwi na chuo. Inalipwa na mgonjwa wa daktari aliyepitishwa hivyo na mpangaji wa jengo la mhandisi wa namna hiyo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wakuu wa vyuo wenyewe: lazima watu wapandishwe vyeo, na kamati inahitaji kitu cha kushika. Kweli, lakini vitu vya kushika vipo. Mtahini wa nje husoma mitihani na majibu ya wanafunzi. Aulizwe pia mitihani ile inapima nini. Mhadhiri anayeomba cheo, wenzake wakae darasani kwake mara mbili kwa muhula, na mmoja wao atoke idara nyingine ili wasilindane. Na ule mfumo unaozuia matokeo una alama za kila mwanafunzi za mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwa hiyo unaweza kuonyesha waliofundishwa kozi ya msingi na fulani wanafanyaje kwenye kozi zinazofuata. Sisi hatupangi wanafunzi kama wale wa Colorado, kwa hiyo takwimu hizo zisomwe kwa tahadhari, lakini zinakaribia jambo lenyewe kuliko nne, nne, nne. Huko Toronto mwaka 2018 msuluhishi William Kaplan, akiamua mgogoro kati ya Chuo Kikuu cha Ryerson na chama cha wahadhiri wake, aliagiza kwamba tathmini za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo, ingawa alikiri kwamba zina la kusema kuhusu yale wanafunzi wanayoyapitia. Vyeo havikukoma.

Kinachobaki ni tarehe. Dodoso la mwisho wa muhula haliwasaidii waliolijaza. Faida, kama ipo, inakwenda kwa darasa la mwaka unaofuata, na wanafunzi wanalijua hilo. Maswali matano yakiulizwa wiki ya sita, kwenye karatasi, dakika kumi za mwisho za kipindi, CR akayakusanya na kuyapeleka kwa karani wa idara ayachape bila mwandiko wa mtu kuonekana, mhadhiri anakuwa na wiki kadhaa za kurekebisha mambo. Wiki ya saba afungue kipindi kwa kusema amesoma nini, atabadilisha lipi, na lipi hatalibadilisha na kwa nini. Hilo la mwisho ndilo wahadhiri wengi watakalolipinga, kwa sababu linawataka wajieleze mbele ya darasa, na hakuna kanuni ya utumishi inayowalazimisha leo.