Mahadhi ya Taifa, Mwenyewe Nani?

Pita Galu Jumatatu asubuhi, utawasikia watoto wa skuli wakiimba wimbo wa taifa, bendera ikipanda. Maneno wameyahifadhi kama juzuu ya Amma. Waulize mahadhi yale katunga nani, watakutazama tu.

Asili yake ni wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, na mtunzi ni Mzee Meza Morowa Galana. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop na George Senoga-Zake, iliutwaa ikautilia maneno mapya. Waama walifanya kazi njema, siwapunji. Ila wao ndio watajwao, na mzee wa Tana akaachwa nyuma.

Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 chataka jamii zilipwe utamaduni wao utumiwapo, na sheria yenyewe ikapitishwa 2016. Nasi huku je? Sengenya ya Wadigo hupigwa mahotelini, wageni wakapiga picha. Nimekutana na wapigaji wakirudi usiku na nauli tu mkononi. Sheria hiyo sijaisikia ikisomwa barazani petu.