Mabibo Yanayooza Chini ya Mkorosho

Ufikapo mwezi wa Oktoba, mashamba ya mikorosho kutoka Kilwa hadi Lindi huanza kunuka harufu ya mabibo yanayooza. Mkulima huitenga korosho, huitia guniani na kuipeleka katika ghala la chama cha ushirika. Bibo, ambalo lina uzito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe, huachwa chini. Machache huliwa na watoto, mengine hukamuliwa yakawa uraka, na yaliyobaki ni ya nzi.

La kustaajabisha ni kwamba mkulima huyo huyo, akigeuka upande wa pili wa shamba na kuutazama mnazi, hatupi kitu. Tui huenda jikoni na chicha kwa kuku. Makumbi hufukiwa matopeni yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Kifuu huwa upawa, na makuti huezeka nyumba. Watu wa mwambao walikuwa na elimu hii tangu zamani, kabla wataalamu wa Ulaya hawajaibuni upya na kuipa jina refu.

Maana jambo lenyewe ni hilo hilo. Kiwanda kidogo cha kuchakata mimea mibichi hukamua jani au tunda lingali na maji yake. Maji hayo hutolewa protini au sukari, makapi hulishwa mifugo, na mabaki ya mwisho hutiwa katika mtambo wa gesi, kisha tope lake hurudishwa shambani kuwa mbolea. Mwaka 2019 mradi wa namna hiyo ulianza nchini Ireland, vyama vya ushirika vya wakulima vikiwa miongoni mwa wenye mradi, na mtambo wa kuhamishika ukapelekwa hadi mashambani kukamua majani ya malisho. Hapa nchini, huko Hale mkoani Tanga, taka za mkonge, ambazo ni zaidi ya tisa ya kumi ya jani zima, zilianza kuzalisha umeme mwishoni mwa miaka ya 2000. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, nao wamekwisha kuonyesha jinsi bibo linavyoweza kutoa sharubati, jamu na mvinyo.

Ufundi, basi, upo. Kilwa inasumbuliwa na swali jingine: kiwanda kitakuwa cha nani, na ardhi itabaki kwa nani?

Wilaya hiyo imekwisha kulipa ada ya somo hili. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Bioshape kutoka Uholanzi ilifika kulima mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta ya kuendeshea mitambo. Ilipata hekta zipatazo 34,000 katika ardhi ya vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Katika fedha zilizolipwa, asilimia 40 ndizo zilizofika vijijini. 60 zilibaki wilayani. Kabla mwaka 2010 haujamalizika kampuni ilikuwa imefilisika. Mafuta hayakuonekana, ajira zilikatika, na ardhi haikurudi yenyewe kwa wenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haipewi mwekezaji wa kigeni mpaka kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, na ikisha kuhama haiwi tena mali ya kijiji kwa sababu tu mgeni ameondoka. Ni wanakijiji wangapi walioelezwa hivyo kabla ya kunyoosha mikono mkutanoni?

Wala kosa si la wageni peke yao. Viwanda vikubwa 12 vya kubangulia korosho, kikiwamo cha Mtama, vilijengwa kwa mikopo ya nje wakati zao lenyewe likianguka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Ulipofika msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga, bei duni na kuhamishwa kwa wakulima mbali na mikorosho yao vilikuwa vimefanya kazi yake. Mashine zikakaa na kutu zikingoja korosho.

Wakati ule ule wa mbono, katika wilaya ile ile, vijiji vya Kikole na Kisangi vilifuata njia nyingine. Vilitenga misitu yao kisheria, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, ili vivune na kuuza mpingo wao vyenyewe. Msitu ulibaki wa kijiji, na fedha za magogo zikaingia katika hazina ya kijiji.

Mtambo wa mabibo wapaswa kufuata mfano wa Kikole. Uwe mali ya chama cha msingi cha ushirika, na uwe mdogo kiasi cha kutengenezwa na fundi aliyefunzwa VETA. Uwe karibu na shamba, kwani bibo huanza kuharibika siku ile ile lidondokapo, na yeyote aliyekwama Somanga barabara ilipokatika Mei 2024 anajua kwamba mzigo mbichi haungoji daraja.

Iko pia mizani isiyopendwa kutajwa. Msimu wa mabibo ni wa miezi michache tu, na mtambo hauwezi kulala mwaka mzima. Wengi watapendekeza majani ya muhogo, ambayo yana protini nyingi. Lakini kisamvu ni mboga ya nyumbani, na mhogo uliochumwa majani kupita kiasi hutoa mizizi dhaifu. Majani hayo pia yana sumu ambayo lazima iondolewe kwanza. Hesabu hiyo ifanywe pamoja na akina mama, ambao ndio wachumaji wa kisamvu na ndio wakamuaji wa mabibo ya leo. Mtambo utakaowanyang'anya kipato chao kidogo bila kuwapa hisa utakuwa umeanza vibaya.

Hapo ndipo kazi ya ofisa ugani, mtendaji wa kijiji na mwalimu ilipo. Mkataba wowote wa mtambo, ulioandikwa kwa Kiswahili, usomwe wote katika mkutano mkuu wa kijiji, kifungu kwa kifungu: bei ya ndoo ya mabibo, siku ya malipo, mwenye makapi, na hatima ya ardhi kampuni ikifilisika. Nakala ibaki shuleni, mahali ambapo kila mzazi anaweza kumwomba mwalimu amsomee tena.