Mashauri ya Jamaa: Motokari Mpya na Mwuzaji Mwenye Maneno Mengi



Sokoni kwetu, iwe Lubumbashi au Bukavu, mama anayenunua meka ya unga hupatana bei na mwuzaji, wala hakuna aonaye ajabu. Mwuzaji hutaja bei yake, mnunuzi huipunguza, hucheka kidogo, hukutana katikati, na mara nyingi mwuzaji huongeza kiganja kimoja juu ya kipimo. Wote wawili waujua unga, wote wawili waijua bei ya jana, na kesho wataonana tena. Kupatana kwa namna hiyo si vita. Ni mazungumzo ya majirani.

Leo tutazame kupatana kwa namna nyingine, kunakofanyika Marekani mtu anapotaka kununua motokari mpya. Pengine mtauliza: «Mwalimu, habari hiyo yatuhusu nini sisi?» Yatuhusu sana. Ndugu zetu wengi waliokimbia vita, wakakaa miaka mingi katika makambi kama lile la Nyarugusu nchini Tanzania, wamehamia Marekani na watoto wao. Katika miji mingi ya huko mabasi ni machache, na viwanda viko mbali na nyumba za watu. Asiye na motokari hapati kazi kwa urahisi, au huipata na kuipoteza. Basi kwao motokari si pambo. Ni chombo cha kazi, kama jembe kwa mkulima. Na katika kuitafuta, jamaa nzima yaweza kujifunga deni la miaka saba kwa alasiri moja tu.

Kwanza tuelewe duka lenyewe. Duka lenye jina la Ford au Toyota mlangoni, kwa kawaida si mali ya kiwanda. Ni mali ya mfanyabiashara mwingine, anunuaye kiwandani na kuuza kwa faida yake mwenyewe. Sheria za majimbo mengi huvizuia viwanda visiwauzie watu moja kwa moja, maana zilitungwa ili kiwanda kikubwa kisimwonee mfanyabiashara aliyetumia mali yake kulijenga duka. Shabaha hiyo ilikuwa njema. Lakini matokeo yake ni kwamba kati ya kiwanda na mnunuzi husimama mtu wa tatu, naye hana budi kula.

Katika maduka mengine ya Marekani, desturi ya kupatana bei ilikwisha zamani. John Wanamaker wa Philadelphia, aliyefungua duka lake kubwa mwaka 1876, alijulikana sana kwa kubandika bei moja kwa watu wote, tajiri na maskini. Motokari haikufuata njia hiyo. Yenyewe ilishika nafasi ya farasi, na biashara ya farasi ilikuwa ya maneno mengi: mtu alileta farasi wake mzee, akapewa mwingine, akaongeza fedha, kila mmoja akisifu mnyama wake na kuficha jino bovu. Hata leo mnunuzi huleta motokari yake kuukuu ihesabiwe katika bei ya mpya, na hapo ndipo hesabu zinapoanza kuchanganyika.

Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilitunga sheria, iliyoletwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, kwamba kila motokari mpya ibandikwe karatasi dirishani. Karatasi hiyo huonyesha bei iliyopendekezwa na kiwanda, bei ya kila kilichoongezwa, na gharama ya kuisafirisha. Ni kosa kuibandua kabla motokari haijafika mkononi mwa mnunuzi. Sheria hiyo ilisaidia sana. Lakini angalieni neno «iliyopendekezwa»: mwuzaji si lazima aifuate. Aweza kushuka chini yake, na aweza kupanda juu. Mwaka 2021, vipande vidogo vya umeme vinavyohitajiwa na viwanda vilipopungua duniani, motokari zikawa adimu, na wauzaji wengi walidai maelfu ya dola juu ya bei ya karatasi, wala sheria haikuwakataza.

Sasa tuingie dukani. Mwuzaji hukulaki mlangoni kwa uso wa furaha. Hukuita «rafiki yangu», hukuuliza habari za watoto, hukupa kahawa. Hukuketisha ndani ya motokari, huitembeza nawe njiani, ili moyo wako uione kuwa yako tayari. Ukiuliza bei, hajibu bei. Hukuuliza: «Waweza kulipa kiasi gani kila mwezi?» Swali hili laonekana la huruma, kumbe ndilo mtego wenyewe, kama tutakavyoona.

Kisha huleta karatasi iliyogawanywa vyumba vinne. Katika chumba kimoja ataandika bei ya motokari mpya. Katika cha pili, thamani ya motokari yako kuukuu. Katika cha tatu, fedha utakazotanguliza. Katika cha nne, malipo ya kila mwezi. Ukilalamika juu ya bei, atapunguza bei na kupunguza pia thamani ya motokari yako kuukuu. Ukilalamika juu ya malipo ya mwezi, atayapunguza kwa kuongeza miezi. Fedha hutoka chumba hiki na kuingia kile, kama maji katika mitungi minne, nawe wafurahi kuona mtungi mmoja umejaa.

Ukikaza msimamo wako, husema: «Mimi mwenyewe ningekubali, lakini sina ruhusa, ngoja nimwulize mkubwa wangu.» Huondoka, nawe wakaa robo saa, pengine nusu saa. Hurudi na dola chache zilizopunguzwa na uso wa mtu aliyekupigania. Huondoka tena. Watoto waona njaa, mama atazama saa, na funguo za motokari kuukuu ziko mikononi mwao «ili ikaguliwe». Si kila duka lifanyalo hivi, na wako wauzaji waungwana. Lakini wanunuzi wengi wameyaona haya, hata hayawashangazi tena. Kusubirishwa huko kuna kazi yake: mtu aliyechoka hukubali neno ambalo asubuhi angelikataa.

Hatimaye mwapatana, mwapeana mikono. Mwadhani kazi imekwisha? Bado. Mnapelekwa katika chumba kingine, kwa karani wa mikopo. Huyu huuza vitu visivyoonekana: ahadi ya matengenezo ya miaka mingi, dawa ya kulinda rangi, bima za namna mbalimbali. Husema, «Ni dola ishirini tu kwa mwezi.» Tena yeye ndiye akutafutiaye mkopo wa benki, na mara nyingi sheria humruhusu kuongeza kidogo juu ya riba iliyotakwa na benki, na nyongeza hiyo huwa faida ya duka. Mnunuzi hajui, huona kiasi kimoja tu kimeandikwa.

Tupige hesabu, maana hesabu haina uso wa kuchekacheka. Jamaa yakopa dola 30,000 kwa riba ya 7 kwa mia kwa mwaka. Wakilipa kwa miezi 60, kila mwezi watatoa dola 594 hivi, na riba yote itafika dola 5,640 hivi. Mwuzaji asema: «Nitawapunguzieni; lipeni 453 tu.» Baba afurahi, lakini miezi imekuwa 84, na riba yote imefika dola 8,030 hivi. Amepewa nafuu ya dola 141 kwa mwezi, naye amelipia nafuu hiyo dola 2,390 na miaka miwili zaidi ya deni. Tena motokari mpya hushuka thamani upesi kuliko deni hilo linavyopungua. Ikitokea ajali, au kazi ikikoma katika mwaka wa tatu, aweza kuiuza motokari na bado akadaiwa. Ndiyo sababu nilisema kwamba swali la malipo ya mwezi ni mtego.

Liko jambo jingine, zito zaidi. Mwalimu wa sheria Ian Ayres aliwatuma watu katika maduka ya motokari ya Chicago na viunga vyake: wazungu na weusi, wanaume na wanawake. Wote walifundishwa kusema maneno yale yale, kuvaa kwa namna moja, na kupatania motokari za aina moja. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1991, na mengine, aliyoyaandika pamoja na Peter Siegelman, mwaka 1995. Katika haya ya pili, bei ya mwisho aliyopewa mwanamume mweusi ilizidi ile ya mwanamume mzungu kwa dola 1,100 hivi. Mwanamke mweusi alizidishiwa dola 400 hivi. Tena uchunguzi wa kwanza ulionyesha kwamba mara nyingi wanunuzi walipelekwa kwa wauzaji wa rangi yao na jinsia yao, na hao ndio waliowatoza zaidi. Wahenga wetu walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo twaona kasoro kubwa ya bei isiyoandikwa. Wengine husema: «Kupatana ni haki, mwenye akili hushinda.» Lakini akili ya nani? Watu wale wa Chicago walisema maneno yale yale. Mgeni aliyefika jana, asiyejua lugha vizuri, mjane aliyezoea mumewe kufanya shughuli hizo, kijana wa kazi ya kwanza: hao ndio hulipa fedha ambazo mnunuzi hodari amesamehewa. Punguzo la mmoja huwa mzigo wa mwingine.

Je, hakuna aliyejaribu kuyatengeneza mambo haya? Wako. Kampuni ya General Motors ilianza mwaka 1990 kuuza motokari za Saturn kwa bei isiyojadiliwa, na watu waliipenda sana desturi ile. Lakini chapa hiyo ilikoma mwaka 2010. Tesla huuza yenyewe kwa bei inayotangazwa kwa wote. Serikali nayo ilijaribu: mwezi wa Desemba 1923 ungekuwa mapema mno kwa jambo hili, bali Desemba 2023 ndipo tume yake ya biashara ilipotoa amri kwamba wauzaji wa motokari wataje bei kamili na wasitoze vitu visivyo na faida kwa mnunuzi. Wauzaji wakaenda mahakamani, na mwezi wa Januari 2025 mahakama ya rufani ikaifuta amri hiyo, kwa sababu tume haikufuata utaratibu uliotakiwa katika kuitunga. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa mnunuzi ungali ni yeye mwenyewe.

Haya basi ni mashauri, mnaoweza kuwaandikia ndugu zenu walio huko.

Kwanza, utafute mkopo benki, au katika chama cha akiba na mikopo, kabla hujakanyaga dukani. Ukiijua riba yako, karani hawezi kuiongeza kwa siri.

Pili, uyaandikie maduka matatu au manne, uulize bei kamili pamoja na kodi na gharama zote, na ujibiwe kwa maandishi. Bei iliyoandikwa haibadiliki kama ya mdomoni.

Tatu, upatanie jambo moja moja: kwanza bei ya motokari mpya, likwishe, kisha thamani ya ile kuukuu, kisha mkopo. Usikubali vyumba vinne kwa pamoja.

Nne, usiende peke yako, wala usiende na njaa. Mwenzako asiyeipenda motokari ile ndiye mshauri bora.

Tano, usome kila karatasi kabla ya kutia sahihi. Wengi hudhani kwamba sheria huwapa siku tatu za kuirudisha motokari. Katika majimbo mengi si hivyo: ukishatia sahihi, ni yako.

Sita, na hili lapita yote: uwe tayari kuondoka. Mwuzaji aweza kukushinda kwa maneno, lakini hawezi kuishinda miguu yako. Motokari ile ile iko pia katika duka jingine, na mara nyingi simu italia kesho yake na bei ya chini.

Nanyi wanafunzi, mnaouliza kila siku hesabu za riba zina faida gani, chukueni daftari. Mtu akopa dola 20,000. Duka moja lamtaka alipe dola 396 kila mwezi kwa miezi 60. Jingine dola 341 kwa miezi 72. Ni lipi litakalomgharimu zaidi, na kwa dola ngapi? Mkipata jawabu, msomeeni baba na mama.