Njaa ya Yorkshire

Ukitajwa ukatili wa wafalme wa Uingereza, Henry VIII ndiye hutangulia midomoni mwa watu. Hasingiziwi: wake zake wawili, Anne Boleyn mwaka 1536 na Catherine Howard mwaka 1542, walikatwa vichwa. Tarehe 28 Julai 1540, siku ileile aliyomwoa Catherine, shingo ya waziri wake Thomas Cromwell ilikuwa chini ya shoka.

Lakini hao walikuwa watu wa ikulu, wenye majina.

William I aliua wasio na majina. Majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070, baada ya watu wa kaskazini kuasi, majeshi yake yalichoma nyumba, vyakula na zana za kilimo, yakachinja mifugo. Aliyesazwa na upanga akamalizwa na njaa. Mtawa Orderic Vitalis, ambaye kwa mengine alimsifu mfalme huyo, hapa alimlaani. Aliandika kuwa waliokufa walizidi 100,000. Wanahistoria wengi huona idadi hiyo imetiwa chumvi. Hata hivyo, kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, orodha ya mali aliyoiagiza William mwenyewe, kinaonyesha vijiji vingi vya Yorkshire, huko kaskazini, vikiwa bado mahame.