Manjano ya Mtoto Mchanga: Yapi ya Kungojea, Yapi ya Kukimbilia



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu, wiki hii twaomba ruhusa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukisomesha chuoni, tuliletewa mvulana wa miaka saba. Alikuwa mtulivu, mwenye macho maangavu na adabu njema. Mlango ukibishwa, aligeuka. Kikombe kikianguka, alishtuka. Lakini tulipomsomesha alifu na be, kinywa chake kilitoa sauti isiyofanana na herufi yoyote. Tulimrudia mara kumi, tukamrudia mara ishirini. Mwisho tukasema: huyu asikia, ila hataki. Tukamkalisha nyuma ya wenzake, na iko siku tulimtia adabu mbele yao.

Adhuhuri moja mamake alikuja, akakaa kizingitini, akatueleza. Mtoto alipozaliwa alikuwa mzima. Siku ya tatu macho yakageuka manjano. Siku ya nne akawa ni wa kulala tu, hata ziwa hataki. Wakubwa wa nyumba wakasema ni jambo la kawaida, aoteshwe jua la asubuhi. Wakangoja siku ya saba, akika ikachinjwa, na jioni yake ndipo mtoto alipopelekwa hospitali akiwa amejipinda mgongo na kulia kilio chembamba. Akawekwa chini ya taa, akabadilishwa damu, akarudi nyumbani hai. Wote wakashukuru na kudhani yamekwisha. Kumbe miaka saba baadaye daktari wa masikio ndiye aliyewaambia: sikio la mtoto ni zima, kilichoharibika ni mshipa upelekao sauti kwenye ubongo. Sauti aipata, maneno hayabaini. Ni kama redio iliyokosa stesheni.

Mtoto tulimwomba msamaha, na mamake pia. Tangu siku hiyo kila tukialikwa penye uzazi hulitazama jicho la mtoto kabla ya kuitazama sinia. Na kwa kuwa katika nyumba zetu bado twasikia neno lile lile, kwamba manjano ni ya kawaida, tumeona tuliandike tulilojifunza.

Kwanza tutenganishe majina. Homa ya manjano ni maradhi mengine, yaletwayo na mbu, na si hayo tuyasemayo. Manjano ya mtoto mchanga si homa. Mtoto huzaliwa na chembe nyingi nyekundu za damu, na chembe hizo huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima. Zinapovunjika hutoa kitu cha rangi ya manjano kiitwacho bilirubini. Kazi ya ini ni kukisafisha kitu hicho na kukitoa kwa njia ya nyongo na choo. Lakini ini la mtoto wa siku mbili ni mwanafunzi bado, kazi humzidi. Basi bilirubini hubaki katika damu, ikapaka ngozi na weupe wa macho. Katika kila watoto 10 waliotimiza miezi, kiasi cha 6 huingia manjano katika juma la kwanza. Kwa waliozaliwa kabla ya wakati ni kiasi cha 8.

Kwa hiyo wazee wetu hawakusema uongo. Kwa watoto wengi manjano huja siku ya pili au ya tatu, hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hupungua yenyewe. Kosa ni kulifanya neno la wengi kuwa hukumu ya wote. Bilirubini ikizidi kiwango huvuka ikaingia ubongoni na kukaa katika viini vyake vya ndani, vile vinavyoongoza mwendo wa viungo na usikivu. Viini hivyo vikishaungua havirudi. Mtoto anaweza kufa. Akiishi, anaweza kuwa kiziwi, au viungo vikawa vyajipinda bila ya amri yake, hali akili yake ndani ni nzima na yaona kila kitu. Na haya yote yalikuwa na kinga.

Kinga yenyewe ina kisa chake. Katika kiangazi cha mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi mmoja, Sister Ward, aliyekuwa akisimamia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, alipenda kuwatoa uani wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari kichanga kilichofifia umanjano mwili mzima, isipokuwa pembe moja ya ngozi iliyobaki manjano kabisa. Wakadhani amempaka kitu. Akawaambia, hapana, hapo ndipo ncha ya shuka ilipomfunika. Majuma machache baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine ikasahauliwa dirishani penye jua, na ilipopimwa, bilirubini yake ilikuwa imeshuka mno. Madaktari wakaunganisha mambo mawili hayo, wakatengeneza kitanda cha taa, na mwaka 1958 wakaandika matokeo yao. Leo twajua kwamba mwanga wa samawati ndio ufanyao kazi: huigeuza bilirubini iwe ya namna inayoyeyuka majini, ikatoka kwa mkojo na nyongo bila ya kulingoja ini. Jambo hilo lote lilianzia kwa mwanamke aliyekuwa akiwatazama watoto kwa makini.

Msomaji atatuuliza: kama ni jua lililoanza, kwa nini mwatukataza jua la asubuhi? Hatukatazi jua, twakataza kulitegemea. Mtoto aliyevishwa na kufunikwa hupata mwanga mdogo usiotosha, na mtoto aliyevuliwa akaachwa juani huungua na kukaukiwa na maji. Huko Lagos, Nigeria, watafiti waliwatibu watoto kwa jua lililochujwa kwa turubai maalumu la kuzuia miale mibaya, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba tiba hiyo haikushindwa na taa. Lakini watoto hao walikuwa mikononi mwa wauguzi, wakipimwa joto na damu. Jua la uani kwetu halina kipimo. Linaweza kumpa mama utulivu wa moyo na lisimpe mtoto dawa.

Basi kipimo ni nini? Jicho peke yake halitoshi, na kwa ngozi zetu nyeusi ndiyo kabisa. Mtoto wetu anaweza kuwa katika hatari na uso wake ukaonekana wa kawaida. Mtoeni penye mwanga wa mchana, si chini ya taa wala nyuma ya pazia. Bonyezeni kidole taratibu kwenye paji la uso au ncha ya pua, kisha kiinueni mtazame rangi iliyobaki. Tazameni weupe wa macho na ufizi. Mkiona manjano, au mkiwa na shaka, hospitali hupima kwa kifaa kinachomulika ngozi, au kwa tone la damu la kisigino, wakalinganisha kiwango na umri wa mtoto kwa saa. Naam, kwa saa, kwani kiwango kisicho na neno siku ya tano kinaweza kuwa cha hatari siku ya kwanza.

Hapa twataka kusema na mila zetu kwa upole. Mzazi wetu hukaa ndani, mapazia yameshushwa, udi unafuka, na mtoto hafunuliwi kwa wageni mpaka siku ya saba. Kuna stara na mapumziko katika hilo, nasi twalipenda. Lakini siku hizo hasa ndizo siku za kilele. Mwanamke aliyejifungua leo na kuruhusiwa kesho, mtoto wake huingia manjano akiwa tayari nyumbani, katika chumba cha giza. Pazia na lifunguliwe mara mbili kwa siku kwa ajili ya jicho la mtoto.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo lahusu hina. Wako watu ambao chembe zao nyekundu za damu zimepungukiwa na kinga moja iitwayo G6PD. Upungufu huo uligunduliwa na watafiti wa Chicago mwaka huo huo wa 1956, walipokuwa wakichunguza kwa nini dawa moja ya malaria iliwavunja baadhi ya watu damu. Hurithiwa kwa mama, huwapata zaidi watoto wa kiume, na umeenea katika nchi zilizokuwa za malaria, yaani Afrika, Ghuba na pwani zake, ikiwamo yetu. Mwenye nao aweza kuishi umri wake wote asijue. Lakini akiguswa na vitu fulani damu yake huvunjika kwa ghafla, na kwa mtoto mchanga manjano hupanda kwa saa chache. Miongoni mwa vitu hivyo ni hina. Madaktari wa nchi za Ghuba wameandika habari za vichanga waliopakwa hina mwilini kwa furaha ya uzazi, wakafikishwa hospitali damu imewaishia. Cha pili ni vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo na mende kabatini. Nguo za kaka mtu zilizohifadhiwa navyo miaka miwili zikivishwa kichanga bila kufuliwa na kuanikwa, harufu yake peke yake yaweza kumdhuru.

Hatuipigi vita hina. Ni pambo la wake zetu na mabinti zetu, na kila arusi yetu ina harufu yake. Twasema tu kwamba mtoto wa siku tatu hana haja nayo. Huko Singapore tangu mwaka 1965 watoto hupimwa G6PD kwa damu ya kitovu wanapozaliwa, na mzazi huambiwa mapema la kujiepusha nalo. Sisi ambao hatupimwi sote, kinga yetu ni kujizuia.

La tatu ni manjano yasiyokwisha. Yakipita siku 14 bado yapo, hata kama mtoto anyonya na kunenepa, ulizeni. Na hapa mpimaji wa kwanza ni mama mwenyewe anapobadilisha nepi. Choo cha mtoto anyonyaye huwa cha manjano au kijani. Kikiwa cheupe kama chokaa au udongo mkavu, na mkojo ukawa mweusi wa kutia doa winda, maana yake nyongo haifiki tumboni. Huenda mirija ya nyongo imeziba, na ini linaanza kuharibika. Daktari wa Japani, Morio Kasai, alibuni katika miaka ya 1950 upasuaji wa kuunga utumbo na ini ili nyongo ipate njia. Lakini upasuaji huo hufaa zaidi kabla ya siku 60. Baada ya hapo ini huwa limekwisha kukakamaa, na wengi wasiotibiwa hawafiki miaka miwili. Ndiyo sababu Taiwan, tangu mwaka 2004, kila mama hupewa kadi yenye picha za rangi za choo alinganishe nyumbani. Arubaini zetu zikiisha, zimebaki siku 20 tu. Msingoje arubaini.

Basi tuyakusanye. Mpelekeni mtoto hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ikiwa manjano yametokea kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa. Ikiwa yameshuka mpaka miguuni, viganjani au nyayoni. Ikiwa mtoto ni wa kulala, ananyonya kwa udhaifu au amekataa ziwa. Ikiwa ana homa, analia kilio chembamba au anajipinda mgongo. Ikiwa alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Au ikiwa nduguye aliyemtangulia alipata manjano ya kuwekwa taani. Mama mwenye damu ya O, au yenye alama ya kutoa, na amkumbushe mkunga kabla ya kutoka wodini. Na mtoto anyonyeshwe dang'a tangu saa ya kwanza, kisha mara nane mpaka 12 kwa usiku na mchana, kwani kile choo cheusi cha mwanzo kikitoka mapema, bilirubini hutoka nacho. Maji ya sukari hayamsaidii.

Kwa akina baba tuna neno moja. Mara nyingi mama hujua kabla ya wote kwamba mtoto wake si sawa, akanyamazishwa kwa kuwa ni mzazi mchanga. Akikwambieni mtoto hanyonyi, msimwambie angoje akika. Akika haipungui thawabu kwa kufanywa mtoto akiwa amerudi salama. Na kutafuta tiba si kukosa tawakali. Wazee wetu walimfunga ngamia kwanza.

Mvulana wetu sasa ni mtu mzima. Ni fundi wa seremala, milango yake iko katika nyumba nyingi za mji wetu, naye huzungumza kwa mikono yake hodari. Kila Ijumaa hutusalimia kwa kuweka mkono kifuani. Twamjibu vivyo hivyo, na moyoni twakumbuka zile siku nne, tangu jicho lilipogeuka rangi mpaka lilipopelekwa kwa mwenye kujua.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vichanga wetu, na awape mama zao nguvu na wasikilizaji.

Wabillahi tawfiq.